Judo Ina Refa, Lakini Ina Mpinzani

Walimu wa mafunzo ya kujihami, hasa wa Krav Maga, hupenda kuvuta wanafunzi kwa kubeza judo na kareti. Michezo hiyo, wanasema, ina sheria na refa, na mtaani hakuna refa. Maneno matamu, lakini historia inawakana. Jigoro Kano alipoanzisha judo jijini Tokyo mwaka 1882, mbinu hatari zaidi za jujutsu, sanaa ya mapigano aliyoitumia kama msingi, yakiwemo mapigo, aliziacha nje ya mapambano ya mazoezi. Ungedhani ameinyang'anya sanaa makali yake. Kumbe kwa kufanya hivyo aliwapa wanafunzi wake nafasi ya kukabana kwa nguvu zote, kila siku, na mtu asiyekubali kuangushwa. Kumtoboa mtu jicho hakuwezi kufanyiwa mazoezi hivyo; huishia kuigizwa, mwenzako akisimama kama gogo. Hata walimu maarufu wa kujihami walipitia michezo yenye mpinzani halisi: William Fairbairn, aliyewafundisha makomando wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa na mkanda mweusi wa judo, na Imi Lichtenfeld, mwasisi wa Krav Maga yenyewe, alikuwa bondia na mwanamieleka. Kareti nayo isitambe: klabu isiyofanya lolote zaidi ya kupiga hewa kwa mpangilio ina kasoro ileile.

Hata hivyo, walimu wa kujihami wana hoja nzito zaidi ya ile ya refa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu vya Canada. Miongoni mwa waliopewa vipeperushi tu, asilimia 9.8 walibakwa ndani ya mwaka mmoja. Kwa waliopata mafunzo ya kujikinga ya saa 12, ilikuwa asilimia 5.2. Saa 12 hazimpi mtu mkanda wowote wa maana. Tena mapigo yalikuwa sehemu ndogo ya mafunzo hayo. Muda mwingi ulitumika kutambua hatari mapema na kuvunja ile haya ya kumkatalia kwa ukali mtu unayemfahamu. Hilo judo haifundishi, kama isivyofundisha kumkimbia mwenye kisu, na hapo walimu wa kujihami wana haki ya kusikilizwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, omba kutazama kipindi kimoja. Ukiona kila anayeshambulia anaanguka kwa hiari, ondoka na pesa zako.