MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Gia za Baiskeli Zikiruka

 

Mwezi huu tuache kidogo habari za kahawa. Tuzungumze juu ya baiskeli yenye gia. Usishangae. Baiskeli ni chombo cha kazi, kama jembe. Inabeba mbolea. Inabeba mahindi. Inampeleka mtoto kliniki.

Zamani wengi wetu tuliendesha Phoenix yenye gia moja. Ukifika mlimani, unashuka na kusukuma. Hapa Litembo milima haiishi. Ndiyo maana wengine wamenunua baiskeli za gia. Ni nzuri, lakini zinahitaji matunzo. Zisipotunzwa, mnyororo unaruka, mguu unateleza, na wewe unaanguka na mzigo wako.

Mimi mwenyewe nilikosea. Gia zangu zilikuwa zinaruka. Nikachukua bisibisi, nikazungusha kila skrubu niliyoiona. Sikujua kazi yake. Siku ile nilikuwa nakwenda kuwafundisha wakulima juu ya ugonjwa wa chulebuni. Katikati ya mlima nikabadili gia. Mnyororo ukapita meno, ukaingia kwenye spoku. Spoku tatu zikakatika. Nilisukuma baiskeli mpaka jioni. Nilipofika, wakulima walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Haraka haraka haina baraka.

Basi leo tujifunze kwa utaratibu. Tutazungumza juu ya gia za nyuma tu.

VIFAA VYA GIA

Tazama gurudumu la nyuma, upande wa mnyororo. Kuna magurudumu ya meno, makubwa na madogo. Chini yake kinaning'inia chuma chenye vigurudumu viwili vidogo. Chuma hicho tukiite mkono wa gia. Mkono huu unasukuma mnyororo kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine.

Mkono unavutwa na waya unaotoka kwenye usukani. Pale waya unapoingia kwenye mkono, mara nyingi kuna kipande kidogo cha mviringo. Kinazungushwa kwa vidole. Tukiite kikaza-waya.

Kwenye mkono kuna pia skrubu mbili ndogo, zimekaa karibu karibu. Hizo ni mipaka. Mara nyingi zimeandikwa H na L. H inazuia mnyororo usianguke nje, upande wa fremu. L inazuia mnyororo usiingie kwenye spoku. Mimi nilizichezea hizo, nikaondoa mpaka.

FANYA HIVI

1. Safisha kwanza. Vumbi la kiangazi na tope la masika huziba gia. Tumia kitambaa na mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Mnyororo ukikauka, tia matone machache ya mafuta safi ya cherehani. Kisha futa nje. Usitumie oili chafu ya gari, maana inashika vumbi. Usitie mafuta kwenye rimu wala breki.

2. Tazama mkono kutoka nyuma. Vigurudumu vyake viwili vinyooke sawa na gurudumu la meno lililo juu yake. Kama baiskeli ilianguka, huenda mkono umepinda. Hapo usizungushe kitu. Mpelekee fundi.

3. Tazama waya. Kama una kutu au umeanza kukatika nyuzi, weka mpya. Waya mbovu hautengenezeki kwa skrubu.

4. Sasa jaribu gia. Mwombe mtu ainue gurudumu la nyuma. Zungusha pedali kwa mkono. Vidole vikae mbali na mnyororo. Weka mnyororo kwenye gurudumu dogo kabisa la meno. Badili gia moja. Mnyororo upande mara moja kwenye gurudumu la pili.

Kama unasita kupanda, waya umelegea. Simama nyuma ya baiskeli. Zungusha kikaza-waya nusu mzunguko, kinyume cha mishale ya saa. Jaribu tena.

Kama unapanda vizuri lakini unasita kushuka, waya umekaza mno. Zungusha nusu mzunguko kufuata mishale ya saa. Jaribu tena.

Endelea hivyo, kidogo kidogo, mpaka gia zote ziingie bila kelele.

5. Skrubu za mipaka ziguse mwisho, tena kama mnyororo unavuka mpaka tu. Ukivuka kuelekea spoku, kaza L robo mzunguko. Ukianguka upande wa fremu, kaza H robo mzunguko. Jaribu kila mara kabla ya kuzungusha tena.

KAMA BADO INARUKA

Huenda mnyororo umechakaa. Pima kwa futi ya fundi seremala. Weka sifuri katikati ya pini moja. Hesabu hiyo kuwa ya kwanza. Katika mnyororo mpya, pini ya 25 iko kwenye inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane ya inchi, nunua mnyororo mwingine. Tazama na meno pia. Meno yaliyochakaa huruka hata kwa mnyororo mpya.

Ukimaliza, jaribu baiskeli mahali tambarare, bila mzigo. Usijaribu mlimani. Na ukiendesha, badili gia kabla ya kuanza kupanda. Legeza miguu kidogo wakati wa kubadili. Ukibadili huku unakanyaga kwa nguvu zote, unaharibu meno na mnyororo.

Ndugu msomaji, kazi hii haichukui muda mrefu. Ifanye jioni, kabla ya safari. Aliyebebwa nyuma huenda ni mgonjwa anayekwenda hospitali. Yeye hawezi kushuka akakusaidia kusukuma.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Skrubu ya L ina kazi gani?
2. Mnyororo ukisita kupanda, utafanya nini?
3. Kwa nini hatujaribu baiskeli mlimani?

Msomee jirani asiyejua kusoma. Kwaheri mpaka mwezi ujao.