Tiketi Moja kwa Maziwa Matatu: Swali la Mpango wa Safari katika Bonde la Ufa

Mpango wa safari ya kutazama wanyamapori katika Bonde la Ufa la kati umezoeleka kwa sura moja: mgeni huondoka Nairobi asubuhi, husafiri kilomita 160 hivi hadi Nakuru, huzungushwa kwa saa chache ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, hulala usiku mmoja, kisha kesho yake huelekea Maasai Mara. Katika mpango huo Nakuru huhesabiwa kuwa kituo cha njiani, na sababu ya kusimama hapo hutajwa kuwa heroe, ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu ambao picha zao zimeitangaza Kenya tangu ziwa hilo lilipotengwa kuwa hifadhi ya ndege mwaka 1960 na kufanywa mbuga ya kitaifa mwaka 1968. Mpango huo haulingani tena na hali ya ziwa lenyewe, na kuurekebisha si kazi ya kampuni za utalii peke yake, kwa kuwa chanzo cha tatizo kimo katika namna maziwa ya eneo hili yanavyosimamiwa na namna viingilio vyake vinavyotozwa.

Ziwa Nakuru ni ziwa la magadi, maana yake ni ziwa ambalo huingiwa na mito lakini halina mto wa kutolea maji, hivyo maji yanapogeuka mvuke chumvi hubaki na kukolea. Katika maji makali ya aina hiyo hustawi viumbe vidogo mno vya rangi ya kijani, ambavyo wengi huviita mwani, na hivyo ndivyo chakula kikuu cha heroe mdogo. Maji matamu yakizidi, magadi huzimuka, chakula hupungua na ndege huhama. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limepanuka kutoka takriban kilomita mraba 40 hadi zaidi ya 60, likafunika lango kuu la zamani, likaiua migunga ya ufuoni ambayo mashina yake makavu yalibaki yamesimama majini, na kuzihamisha familia katika maeneo ya Mwariki na Barut. Wataalamu hutaja mvua iliyozidi kiwango cha kawaida, pamoja na udongo unaomomonyoka kutoka Msitu wa Mau, chimbuko la mito kama Njoro na Makalia, baada ya sehemu kubwa za msitu huo kukatwa na kugawiwa walowezi. Ni vyema kukumbuka kwamba katikati ya miaka ya 1990 ziwa hilohilo lilikuwa limekauka kwa sehemu kubwa, na ndege wakaondoka vilevile kwa sababu iliyo kinyume.

Kutokana na hayo, heroe hawana kalenda ambayo mwandalizi wa safari anaweza kuitegemea. Mwaka huu wanaweza kujaa Ziwa Bogoria, mwaka ujao Ziwa Elementaita, na wakitaka kutaga mayai huvuka mpaka hadi Ziwa Natron nchini Tanzania. Mgeni anayeambiwa kwamba atawaona Nakuru tarehe fulani anauziwa ahadi ambayo hakuna anayeweza kuitimiza. Kinachopatikana Nakuru kwa uhakika ni wanyama waliomo ndani ya uzio, yaani vifaru weusi na weupe ambao mbuga hii imekuwa kimbilio lao tangu ilipozungushiwa ua wa umeme katika miaka ya 1980, twiga wa Rothschild ambao kundi lao la kwanza lilihamishiwa hapa mwaka 1977, simba, nyati na chui. Hazina hiyo inastahili zaidi ya mchana mmoja, na ni jambo la kusikitisha kwamba matangazo mengi huitaja kwa sentensi moja baada ya kuwasifu ndege ambao huenda wamekwisha kuondoka.

Mwaka 2011 Shirika la UNESCO liliyaorodhesha maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria kuwa eneo moja la Urithi wa Dunia, kwa hoja kwamba ndege huyatumia kama makao yaliyounganika. Ndege wanaishi kwa kuufuata umoja huo, lakini msafiri hana njia ya kuufuata. Kiingilio cha Nakuru hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS); cha Bogoria, kwa kuwa ni hifadhi ya akiba na si mbuga ya kitaifa, hulipwa kwa serikali ya Kaunti ya Baringo; na Elementaita, ijapokuwa ziwa lenyewe lililindwa kisheria mwaka 2010, kwa sehemu kubwa hufikiwa kupitia ardhi ya kibinafsi, hususan Hifadhi ya Soysambu, ambayo nayo ina kiingilio chake. Familia ya Nakuru inayotaka kuwaonyesha watoto heroe hulazimika kubahatisha lango moja, na wakiwakosa hapo, kulipa upya kwingine. Wengi hawarudii.

Kwa hiyo pendekezo la tiketi moja ya siku tatu kwa maziwa yote matatu, pamoja na taarifa ya kila wiki inayotolewa malangoni kuhusu mahali ndege walipo, linastahili kuzingatiwa kwa dhati. Pingamizi lake kubwa ni la fedha. Baringo ni kaunti kavu yenye vyanzo vichache vya mapato, na hofu kwamba fedha za Bogoria zitamezwa na mfuko wa taifa si hofu ya bure. Hata hivyo tiketi ya pamoja haimaanishi mfuko wa pamoja: kila lango linaweza kusajili wageni wanaopita, na mgao ukafuata hesabu hiyo, na kwa kuwa wengi sasa huishia Nakuru, Baringo ndiyo inayoelekea kunufaika zaidi na mpango unaomwezesha mgeni kuendelea kaskazini hadi kwenye chemchemi za maji moto na tandala wakubwa wa Bogoria.

Pingamizi lililo zito zaidi halisemwi sana katika mikutano ya utalii, nalo linawahusu Waendorois, wafugaji walioondolewa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili hifadhi itengwe. Katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2010, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliitaka Kenya iwarudishie ardhi yao ya jadi, iwaruhusu kufika ziwani kwa matambiko na malisho, na iwalipe sehemu ya mapato yanayotokana na shughuli za hifadhi. Mwaka uliofuata ziwa hilo likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Tume hiyohiyo ikalalamika kwamba jamii haikushirikishwa ipasavyo. Anayebuni tiketi mpya bila kuikumbuka historia hiyo anaongeza mkono mwingine unaopokea fedha za ardhi ambayo wenyewe bado wanaidai.

Tiketi ya pamoja basi inafaa kuanzishwa, lakini kwa masharti: fungu la Waendorois liandikwe ndani ya mkataba wenyewe kwa asilimia inayojulikana, lisiachwe kuwa hisani ya ofisi yoyote, na wawakilishi wao waketi mezani na KWS, kaunti za Nakuru na Baringo, na wenye ardhi ya Elementaita kabla ya bei kutangazwa. Mpango usioyatimiza hayo haustahili kutekelezwa, hata kama utawapunguzia wasafiri gharama.