Wafu katika Tanbihi: Rangi, Utumwa na Kosa la Kutenga Fani na Maudhui

Ipo hoja inayorudiwa katika uhakiki wa sanaa zihusuzo utumwa: kwamba rangi zenye kupendeza huyageuza mateso kuwa tamasha, na kwamba mchoraji anayewaheshimu wahenga waliopotelea utumwani hana budi kujinyima rangi, abakie na nyeusi na kijivu. Hoja hii ina sura ya uchaji. Kwa hakika imezaliwa na kosa kongwe la kutenga fani na maudhui, kana kwamba rangi ni nguo tu ambayo maana huivaa na kuivua.

Mfano wa J. M. W. Turner unalidhihirisha kosa hilo. Mchoro wake wa meli ya watumwa, ulioonyeshwa London mwaka wa 1840, huhusishwa na mkasa wa meli Zong, ambapo Waafrika zaidi ya 130 walitoswa baharini mwaka wa 1781. Kesi iliyosikilizwa Uingereza mwaka wa 1783 haikuwa ya mauaji bali ya madai ya bima, maana waliotoswa walihesabiwa kuwa shehena. Turner ameifunika bahari kwa wekundu na dhahabu ya machweo. Ya wanadamu imebaki mikono inayozama na mguu wenye pingu. John Ruskin, ambaye baadaye alipewa mchoro huo na babake, aliusifu katika juzuu ya kwanza ya Modern Painters (1843) kwa bahari, anga na rangi zake. Kwamba meli ile inawatosa watumwa, hilo alilieleza katika tanbihi. Fani ilipewa ukurasa. Wafu wakapewa tanbihi.

Wanaoikataa rangi watadai kwamba mfano huu unawaunga mkono. La hasha. Wao na Ruskin wanakubaliana katika jambo la msingi: kwamba rangi ni anasa ya macho, isiyosema lolote juu ya mtu. Ruskin aliishangilia kwa sababu hiyo. Wao wanaikimbia kwa sababu iyo hiyo.

Hale Woodruff aliwapinga kwa brashi. Katika miaka ya 1938 na 1939, kwa ajili ya Maktaba ya Savery katika Chuo cha Talladega, Alabama, alichora michoro mikubwa juu ya Waafrika wa meli Amistad: uasi wao wa mwaka wa 1839, kesi yao, na kurejea kwao Afrika baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuwapa uhuru mwaka wa 1841. Maktaba hiyo ilipewa jina la William Savery, mmoja wa waliokuwa watumwa ambao juhudi zao zilikizaa chuo hicho mwaka wa 1867. Rangi za Woodruff si za matanga. Zimekolea, lakini hazikutapakaa juu ya umati. Zimegawiwa mtu mmoja mmoja. Nguo za washtakiwa kortini hazifanani, na kila uso ni wa mtu fulani. Hapa rangi inatenda kazi ambayo daftari la mfanyabiashara lilikataa kuitenda: inamtofautisha mtu na mwenziwe.

Suala, basi, si wingi wa rangi. Sanamu za Clara Sörnäs zilizowekwa mwaka wa 1998 kando ya kanisa kuu la Kianglikana huko Unguja, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka wa 1873, ni za kijivu. Hata hivyo, watu watano waliosimama shimoni mle na minyororo shingoni wana nyuso zao. Kijivu hicho hakiwaheshimu kwa kuwa kimejinyima rangi, bali kwa kuwa hakikuzimeza nyuso hizo.

Tasnifu inayotenga sura moja ya maudhui na nyingine ya fani, bila kuzikutanisha, inarudia kosa la Ruskin hata pale inapomlaani. Swali la kuulizwa mbele ya mchoro, kama mbele ya utenzi, ni hili: je, rangi hii inamrudishia aliyepotea utu wake, au inamzamisha mara ya pili? Mhakiki asiyeliuliza, hata akiandika kwa uchungu kiasi gani, bado amewaacha wafu katika tanbihi.