Kwenu Ni Wapi?



Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 umo njiani, na ishara yake ya kwanza huwa si mabango wala magari yenye vipaza sauti. Huwa ni neno moja linaloanza kusikika barazani baada ya sala ya alasiri: "wageni". Wageni wamejaza mji, wageni wamechukua kazi, wageni ndio watakaotuchagulia viongozi. Wiki hii twataka tulipime neno hili kabla halijaota mizizi ndani ya nyumba zetu.

Tuanze na uchungu ulio wetu, maana upo. Kijana wa Mji wa Kale afikapo miaka kumi na minane huenda kuomba kitambulisho. Mwenzake wa sehemu nyingine za nchi hupeleka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, akarudi nyumbani. Lakini kijana wetu, kwa jina lake la Kiislamu au kwa sura yake, mara nyingi amepigwa msasa. Ameambiwa alete karatasi za babu, na pengine za mzaa babu. Twamjua mmoja katika jamaa zetu aliyeambiwa na karani alete cheti cha kuzaliwa cha bibi yake, bibi aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, zama ambazo hakuna aliyeandika. Akaulizwa: "Kwenu hasa ni wapi?" Nyumba yao iko hatua chache kutoka Ndia Kuu, na makaburi ya wazee wake yako kisiwani humu humu.

Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa msasa huo kwa wakaazi wa kaunti za mpakani kaskazini mwa nchi. Twashukuru kwa kila mlango unaofunguka. Lakini jeraha la kuulizwa "kwenu ni wapi" ukiwa umesimama kwenu halifutwi na tangazo.

Sasa twauliza: sisi tulioonja uchungu wa swali hilo, vipi twalichukua lile lile na kumwelekezea muuza mboga wa Kongowea, au mpangaji wa chumba cha nyuma aliyetoka bara kutafuta riziki?

Tutazame asili ya mji wenyewe. Wazee wetu wa Mombasa walijigawa katika Thenashara Taifa, Tisa upande mmoja na Thelatha upande wa pili. Hebu tuyasome majina. Wapate na Wafaza wamebeba majina ya miji ya visiwa vya Lamu. Wakilifi na Wamtwapa wamebeba majina ya miji ya kaskazini mwetu. Wabajuni nao walishuka kutoka pwani ya mbali zaidi. Yaani taifa baada ya taifa, jina lenyewe ni jawabu la swali "mmetoka wapi?", na hakuna aliyeona haya kulitaja. Kisha wakaja Wahadhrami na Waomani kwa pepo za kaskazi, Wabaluchi waliokuwa askari wa masultani, Mabohora na biashara zao. Mwenye kutaka kuufunga mlango wa mji huu aseme kwanza babu yake aliingia kwa mlango gani.

Hatusemi kwamba watu wa Pwani hawana dai. Wanalo, tena zito. Wapo wanaolima ardhi waliyorithi vizazi na vizazi na bado wanaitwa maskwota, kwa kuwa hatimiliki iliandikwa kwa jina la mtu mwingine. Lakini kila dai lina mlango wake. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru makontena yapakiwe kwenye reli ya kisasa hadi Nairobi, madereva, mawakala wa forodha na wenye maghala wa mji huu walikosa kazi. Amri ile haikutiwa saini na jirani yetu kutoka bara. Ilitoka serikalini, na watu wa Mombasa wakaandamana dhidi yake barabarani wakijua wanadai nini na kwa nani. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, rais mpya alitangaza kurudishwa kwa shughuli za uondoaji mizigo Mombasa. Dai lilifika mlangoni pake.

Na dai likipotea njia hufika wapi? Wenye umri wetu hawajasahau Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na baada yake wakaazi waliotoka bara wakauawa, wakachomewa nyumba na vibanda, na maelfu wakakimbia. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi, nayo tume ya Jaji Akiwumi ikaja kuchunguza mambo hayo. Walioumia wa kwanza waliitwa wageni. Waliofuatia tulikuwa sisi: vijana wa Pwani walikamatwa kwa makundi, watalii wakatoweka, hoteli zikafungwa, na watoto wetu waliokuwa wapishi na wahudumu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Wala hakuna eka moja ya ardhi iliyorudi kwa mwenyewe kwa damu ile.

Linganisheni na Wamakonde wa Kwale. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na wajukuu waliozaliwa hapa wakaishi bila kitambulisho. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kumwona rais, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba nao, wavuvi wa Kwale na Kilifi, ambao baadhi ya wazee wao walivuka baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, walitambuliwa Julai 2023. Hawa ni watu wa lugha yetu na dini yetu, na hata hivyo kwa miaka mingi wapo miongoni mwetu waliowaita wageni.

Katiba ya 2010 imelimaliza jambo hili kwa pande zote mbili. Kifungu cha 12 kinampa kila raia haki ya pasipoti na hati za utambulisho. Hicho ndicho ngao ya kijana wetu mbele ya karani. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Hicho ndicho ngao ya jirani yetu mbele yetu sisi. Hatuwezi kuufungua ukurasa mmoja na kuubandika gundi mwingine.

Na dini yetu imetutangulia. Kabla ya Hijra ya Madina palikuwa na hijra ya Habasha. Masahaba walivuka bahari wakahifadhiwa na Najashi, mfalme ambaye wakati huo hakuwa wa dini yao, katika bara hili hili la Afrika. Umma uliookolewa na ukarimu wa mwenyeji hauna ruhusa ya kuwa mwenyeji mchoyo. Mgeni naye ana wajibu wake: aheshimu msikiti na makaburi, asifanye ujia wa watu jaa la taka, na awasalimu majirani. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na akishalishika jembe, haitwi mgeni tena.

Basi tuwausie wazazi mambo matatu. Mtoto akizaliwa, aandikishwe kabla ya miezi sita kupita, maana baada ya hapo mlolongo wa karatasi hurefuka. Hati za wazee zikusanywe na kuwekwa mahali pamoja, zisiliwe na mchwa sandukuni. Na mwanasiasa akija barazani kuwaita jirani zenu wageni, muulizeni tu: "Ardhi yetu umeidai kwa nani, na lini?" Kisha mkae mngoje jawabu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie mji wetu na wote waliomo. Amin.