Daftari la Wiki: Simba wa Palma

Kitabu mkononi

Wiki hii nimerudia riwaya ya Mia Couto, *A Confissão da Leoa*, iliyotoka mwaka 2012. Couto ni mzaliwa wa Beira, na kwa taaluma ni mwanabiolojia. Mwaka 2008 kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ilipeleka vijana mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kusimamia mazingira wakati wa utafutaji wa mafuta na gesi. Siku hizohizo simba wakaanza kula watu pande za Palma, mkoani humo, hadi wawindaji wakaitwa. Kisa hicho ndicho kilichozaa kijiji cha kubuni cha Kulumani na binti wake, Mariamar. Wasimulizi ni wawili kwa zamu: yeye na mwindaji.

Anayetafuta simba humo atawapata. Mimi nilichokiona zaidi ni nyumba: mama anayeitwa Hanifa, dada aliyeliwa na simba, na baba ambaye binti zake wana kila sababu ya kumwogopa kuliko mnyama yeyote wa porini. Utotoni Mariamar alipooza miguu. Akapelekwa misheni, akatoka huko anatembea, tena anajua kusoma na kuandika. Kijiji kitastaajabia miguu. Mimi nastaajabia kalamu, kwa sababu ndiyo iliyompa binti huyu nafasi ya kusema yanayofichwa nyumbani kwao.

Dunguni

Sisi Watanzania, wa kaskazini ya mto Ruvuma, tusijifanye wageni wa habari hizi. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer walitangaza kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 Tanzania, wengi wao mikoa ya kusini. Chanzo kimojawapo ni nguruwe pori. Nguruwe hufuata mazao, mkulima huhama nyumbani akalale dunguni kuyalinda, na simba anayemfuata nguruwe humkuta mtu ndani ya kibanda cha nyasi. Utafiti mwingine, wa 2011, ulionyesha kuwa hatari huzidi siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, giza likiwa limetanda na mwezi bado haujachomoza.

Maelezo hayo yanaeleweka. Ila mzazi aliyefiwa ana swali jingine: kwa nini mwanangu, na ni nani aliyemtuma simba huyu? Huko Muidumbe, Cabo Delgado, katika uwanda wa Wamakonde, simba waliposhambulia mwaka 2002 na 2003, wapo walioshukiwa kuwatengeneza simba hao kwa uchawi, wakauawa na majirani zao. Imani hufariji, lakini ikishikwa na hofu hutafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi humpata mnyonge.

Msiro na msahafu

Kukua kwa msichana wa pwani ya Cabo Delgado kuna walimu wengi. Kungwi humfundisha unyago. Wanawake humfundisha msiro: kijiti kinasuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo mpaka litoke tope jeupe, linapakwa usoni, na likikauka ngozi inavuta hata kucheka ni kazi. Mwalimu wa chuoni humfundisha Kurani. Serikali nayo humfundisha Kireno shuleni. Hakuna anayeona ajabu msichana yuleyule kusoma dua alfajiri na kuvaa hirizi mchana. Mwandishi wa mbali angeuita mseto huo uchawi wa hadithi, kumbe nyumbani ni ratiba ya siku.

Tatizo ni kwamba mambo yakiharibika, wa kwanza kukatwa ni mwalimu wa shule. Kungwi ataendelea, chuo kitaendelea hata chini ya mwembe. Daftari ndilo linaloachwa.

Nyumba ya ndugu

Na mambo yaliharibika kweli. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vya waasi vilianza Mocímboa da Praia, hukohuko Cabo Delgado. Machi 2021 vikaifikia Palma. Kufikia mwaka huo watu zaidi ya 800,000 walikuwa wameyahama makazi yao, na shule nyingi zilifungwa au kuchomwa. Wengine waliabiri mashua hadi ufukwe wa Paquitequete, mjini Pemba, makao makuu ya mkoa huo. Wengi wa waliohama hawakulala kambini. Walipokelewa na ndugu na jamaa, watu ambao nao hawakuwa na akiba, wakala chungu kimoja na wenyeji wao kwa miezi. Nikiulizwa muujiza wa kila siku ni upi, nitautaja huo kabla ya simba yeyote wa kutumwa.

Ombi kwa wachapishaji

*Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, nayo hadithi ya kijana anayekua katika pwani yetu, ilitoka mwaka 1994. Ilitufikia kwa Kiswahili kama *Peponi*, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Nobel. Miaka 28! Palma ni mji ambao Kiswahili kinasemwa sokoni na msikitini, na Kimwani cha majirani wa mji huo ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Riwaya ya Couto, iliyozaliwa na msiba wa Palma, nayo isomwe kwa lugha inayosemwa Palma. Mwenye Kireno na Kiswahili safi aanze kazi, na mchapishaji asingoje tuzo ya Sweden ndipo afungue mfuko.