Imani Nayo Ikaguliwe

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, jirani kabisa na Gerezani. Watu zaidi ya 20 walifariki. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa huku waumini wakiomba, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Hakuna aliyeona ajabu dua na ukaguzi kwenda pamoja.

Mkristo anayesema kuwa ajali hiyo ilikuwa mapenzi ya Mungu anamwepushia lawama aliyejenga vibaya. Lakini tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 halikuwa na fundi wa kushtakiwa, nalo liliua. Mungu mwema na mwenye uwezo wote aliachaje litokee? Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na asiyeamini ana haki ya kuliuliza.

Swali hilo huleta jingine la msingi zaidi: je, Mungu yupo? Hoja za kusema yupo zipo, ingawa hazimalizi mjadala. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas alidai kuwa mlolongo wa visababishi lazima uwe na chanzo kisichosababishwa. Wapinzani wakahoji: kwa nini ulimwengu wenyewe usiwe ndio chanzo?

Hata hivyo, kukosa uthibitisho wa mwisho si kukosa akili. Mfanyabiashara wa Gerezani hutoa mzigo kwa mali kauli bila hakika ya kulipwa. Huangalia mwenendo wa mteja, huuliza wanaomfahamu, kisha huamua. Mkristo anayepima ushuhuda wa Injili, maisha ya waumini na hoja za wapinzani anaamini kwa namna hiyo hiyo. Anaweza kuwa amekosea, lakini hajaitupa akili yake.

Akili hutupwa pale kuuliza kunapogeuzwa dhambi. Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa katika msongamano wa waumini waliotaka kukanyaga mafuta ya upako. Shakahola, Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023. Waumini wanadaiwa kuhimizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Kuamini Mungu, basi, kuna mantiki kwa anayekubali kuhojiwa. Makanisa ya Gerezani na Kariakoo yatenge muda baada ya ibada kwa maswali ya waumini na wasioamini, na swali la tetemeko la Kagera liwe la kwanza.