Mgeni kizimbani

Tuseme wewe ni kijana wa Garissa, hodari wa michezo ya kuigiza, nawe umeitwa Nairobi kucheza siku moja katika kipindi cha runinga kilichozoeleka. Umelivuka daraja la mto Tana kwa basi la alfajiri, kitambulisho mkononi. Mwingi na Thika umeziacha nyuma.

Chukua mfano wa Vioja Mahakamani cha KBC. Marehemu Gibson Mbugua, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa kiongozi wa mashtaka kwa miaka mingi. Mgeni akiingia pale, nafasi yake aghalabu ni kizimbani. Wenyeji huelewana hata kwa kukonyezana, ilhali wewe hujui pa kuketi! Basi fika mapema, uliza pa kusimama, na uyajue maneno ya mwenzako pamoja na yako.

Lakini upo mtihani mkubwa zaidi, kokote uendako. Huenda ukaambiwa, "Kivunje Kiswahili kama Msomali, watu wacheke." Kumbuka mamako na majirani watakuwa wanatazama. Usigombane mbele ya kamera. Mwendee mwelekezi kwa adabu, umwonyeshe wauza ngamia wanavyopatana bei: kimya, mikono chini ya kitambaa, vidole ndivyo vinavyosema. Hilo nalo linachekesha, na halimtusi mtu.

Akikataa je? Mimi ningeyasema maneno yale kwa sauti yangu ya kawaida, nione kama atasimamisha kamera.